Habari za Charasi, Utomvu wa Bangi, na Jinsi Ulivyoingia Katika Msokoto

Katika mji wa Leh, ulio juu ya bonde la mto Indus katika nchi ya Ladakh, palikuwako zamani za utawala wa Kiingereza ghala za forodha ambamo kila mwaka, theluji ya milimani ilipoyeyuka na njia zikafunguka, matajiri wa Yarkand, ng'ambo ya milima ya Karakoram, na matajiri wa Hoshiarpur, mji wa Punjab, walikutanisha bidhaa zao: hawa wakileta kutoka Bara Hindi nguo za pamba, nili, viungo na marijani, na wale wakileta hariri, mazulia ya manyoya yaliyogandamizwa, na vifurushi vizito vilivyoshonwa kwa ngozi, ambavyo ndani yake mlikuwamo utomvu wa kijani uliokaribia weusi, mgumu kwa baridi na laini kwa joto la mkono, uitwao charasi.

Wako leo watu wengi ambao, wakisikia kwamba huko Marekani na Kanada msokoto wa bangi huuzwa ukiwa umetiwa ndani yake utomvu uliokamuliwa, hudhani kwamba hayo ni mazushi ya vijana wa karne hii, na kwamba wazee wa zamani walivuta majani matupu. Tarehe yasema vingine. Utomvu huo una umri mkubwa kuliko sigara ya karatasi, na desturi ya kuuchanganya na jani jingine ili ushike moto ina karne kadhaa sasa. Na mimi, kila nilipozidi kuisoma habari yake, nilizidi kuamini kwamba mzazi wake ni umbali. Penye bangi mlangoni, watu hutumia jani. Na palipo mlima, au bahari, au askari wa forodha baina ya shamba na mvutaji, hapo ndipo akili ya binadamu hutafuta namna ya kuliacha shina na jani nyuma, kikasafiri kiini peke yake.

Mbangi jike, hususan ule ambao chavua ya dume haikuufikia, huvisha maua yake na vijani vilivyo karibu nayo vinyweleo visivyoonekana vizuri ila kwa kioo cha kukuzia, na kila kinyweleo kina kichwa cha mviringo kilichojaa mafuta na utomvu. Katika vichwa hivyo ndimo ulevi wa bangi ulimo karibu wote. Shina halina kitu, mzizi hauna, na jani pana lina kidogo. Kwa hiyo aliyejua kuviondoa vichwa hivyo na kuyaacha mengine yote alikuwa amepata kuupunguza mzigo wa farasi ukawa mzigo wa mkoba, maana kilo 100 za mmea mkavu hutoa kilo chache tu za utomvu. Njia za kuviondoa zilikuwa mbili, na aghalabu hali ya hewa ndiyo iliyochagua. Katika mabonde ya Himalaya yenye unyevu, kama Kullu na Nepal, mkulima huufikicha mmea ungali hai baina ya viganja viwili mpaka utomvu ugande juu ya ngozi ya mikono tabaka juu ya tabaka, kisha akaukwangua na kuuviringa, na kazi ya siku nzima humpa kipande kidogo tu. Katika nchi kavu za Yarkand, Balkh na bonde la Bekaa huko Lebanoni, mmea hukaushwa kwanza, ukapigwapigwa juu ya kitambaa kilichowambwa, na lile vumbi lipitalo katika chekeche likakusanywa, likapashwa moto na kugandamizwa hata likashikamana.

Daktari William Brooke O'Shaughnessy, Mwairishi aliyefundisha utabibu mjini Calcutta, na ambaye maandiko yake ya mwaka 1839 ndiyo yaliyouingiza mmea huu katika maduka ya dawa ya Uingereza, alieleza kwamba katika sehemu za kati za Bara Hindi watu waliovaa mavazi ya ngozi walikimbia katikati ya mashamba ya mbangi wakijipukusa nayo kwa nguvu, utomvu ukanata juu ya mavazi yale na baadaye ukakwanguliwa. Akaeleza pia, kwa habari aliyopewa na mwenzake, kwamba Nepal hata mavazi hayo yaliachwa, na utomvu ukakusanywa juu ya miili mitupu ya vibarua. Waandishi waliokuja nyuma yake wameikariri habari hiyo kama ajabu ya mashariki, wakaipamba na kuifurahia. Mimi naisoma kama habari ya kazi. Nayaona ndani yake jua kali, jasho, majani yanayochanja mapaja, na kisu kinachopita juu ya ngozi ya mtu ili tajiri wa mbali apate bidhaa yake. Na yafaa mwenye kuitaja charasi aanze kumtaja kibarua huyo kabla hajamtaja mvutaji.

Na wa pili kutajwa ni mchukuzi. Kutoka Yarkand hadi Leh ilikuwa safari ya mwezi na zaidi, juu ya farasi wadogo waliozoea baridi, na penye theluji nyingi mizigo ikahamishiwa juu ya yaki, ng'ombe wenye manyoya marefu. Njia ilipanda kipito cha Karakoram, kilicho juu ya bahari kwa zaidi ya mita 5,500, mahali ambapo mtu akitembea hatua chache husimama kutafuta pumzi. Ikashuka, ikapanda tena Saser, ikashuka, ikapanda Khardung. Na wasafiri wengi waliopata kuiandika wamekubaliana juu ya jambo moja, kwamba asiyeijua njia angeweza kuifuata kwa mifupa ya wanyama waliofia humo. Hapana mchuuzi mwenye akili timamu angepitisha majani makavu ya bangi katika njia kama hiyo. Bidhaa iliyostahili kupita ilikuwa ile ambayo uzito wake ni mdogo na thamani yake ni kubwa, kama hariri, kama dhahabu, na kama charasi. Kwa mkataba wa mwaka 1870 baina ya Waingereza na Maharaja Ranbir Singh wa Kashmir, wakawekwa Leh makamishna wawili, mmoja wa kila upande, kuiangalia biashara hiyo ya misafara. Na kutoka Leh charasi ilishuka hadi Punjab, ikawekwa katika ghala za serikali, ikatozwa ushuru, ndipo ikagawanywa kwa wauzaji wenye ruhusa.

Ushuru huo ndio uliotuachia maandiko. Mwaka 1893, baada ya mbunge mmoja wa Uingereza, W. S. Caine, mtu wa chama cha kupinga ulevi, kuuliza Bungeni juu ya madhara ya bangi katika Bara Hindi, serikali iliteua tume chini ya W. Mackworth Young, na tume hiyo ikazunguka nchi nzima na kuwahoji mashahidi 1,193: madaktari, watoza ushuru, wamishonari, watawa wa Kihindu waitwao masadhu, wakulima na matajiri. Taarifa yake ya mwaka 1894 ni bahari. Humo imeelezwa charasi ya Yarkand na njia yake, na jinsi maskini wa Punjab na wa majimbo ya kaskazini walivyoivuta. Waliokuwa wakisema kwamba bangi ndiyo iliyojaza nyumba za wendawazimu waliombwa ushahidi, na wajumbe wakavifunua vitabu vya nyumba hizo wakakuta kwamba mara nyingi neno la sababu ya ugonjwa liliandikwa na askari au karani asiyemjua mgonjwa, kwa kuwa pale palitakiwa neno, na neno la bangi lilikuwa karibu. Tume ikahukumu kwamba matumizi ya kiasi hayana madhara ya kutajwa, matumizi ya kupita kiasi yana madhara, na kwamba kutoza ushuru kwafaa kuliko kupiga marufuku. Nimesoma hukumu nyingi za serikali za kikoloni. Chache zimefanyiwa kazi kwa uangalifu kama hii, na chache zimesahauliwa haraka kama hii.

Sasa na tuje kwenye moto. Utomvu ukiwashwa peke yake huyeyuka, hutoa povu, huziba tundu la kiko na kuzimika. Wahindi waliutia katika kiko cha udongo kilicho wima, wakaupasha kwanza juu ya kaa hata ukalegea, wakaukatakata na kuuchanganya kiganjani na tumbaku, kwa sababu jani la tumbaku hushika moto na kuutunza, na utomvu ulio katikati yake huungua polepole bila kukimbia. Huyo ndiye babu wa msokoto uliotiwa utomvu. Karatasi haijaja bado, lakini shauri lote limekwisha timia: kitu chenye nguvu ndani, jani lenye kuwaka nje, na pumzi ya mtu.

Kabla ya tumbaku, aghalabu watu walikula. Hikaya iliyohifadhiwa na al-Maqrizi, mwandishi wa tarehe wa Misri aliyefariki mwaka 1442, yasimulia kwamba Sheikh Haydar wa Khurasan, mtawa aliyejitenga mlimani na kufariki mwaka 618 wa Hijria, yaani 1221, alitoka siku moja ya joto, majani yote yakiwa yametulia, akaona mmea mmoja unachezacheza peke yake. Akala majani yake, akarejea kwa wafuasi wake na uso wa furaha usiokuwa wa kawaida yake, akawaonyesha mmea na kuwausia siri. Ni hikaya, na aichukue kila mtu kwa itibari yake. Ama Ibn al-Baytar, mjuzi wa mitishamba mzaliwa wa Málaga aliyefariki Damascus mwaka 1248, asema kwa macho yake mwenyewe: aliuona mbangi katika bustani za Misri, na akawaona mafakiri wa kisufi wakiyaoka majani, wakayaponda, wakayakanda kwa mikono hata yakawa vidonge, au wakayachanganya na ufuta na sukari wakayatafuna. Vitafunwa vya jamaa hiyo, viitwavyo majuni, vilifika hata katika pwani yetu, na wazee wa Unguja na Mombasa waliijua majuni kwa jina na kwa ladha.

Fukaha hawakunyamaza. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliifananisha hashishi, ndilo jina la Waarabu kwa bangi na utomvu wake, na mvinyo, na kutaka mlaji wake apewe adhabu ile ile ya viboko apewayo mnywaji. Lakini al-Qarafi wa madhehebu ya Malik, aliyefariki Misri mwaka 1285, alikuwa ameamua kwamba kitu hiki chaharibu akili pasipo kuleta ile nishati na majivuno ya mlevi wa mvinyo, na kwa hiyo mwenye kukitumia apewe taazira tu, yaani adhabu ndogo kwa rai ya kadhi, na aliyesali nacho mkobani sala yake ni sahihi. Naye az-Zarkashi akatunga kitabu kizima juu ya uharamu wake. Yatia moyo kuona wanavyuoni wakilichambua jambo kwa hoja, huyu akimjibu yule kwa kitabu na yule akijibiwa kwa kitabu, katika mambo ambayo watawala waliyamaliza kwa upanga au kwa tangazo tu, kama lile la Jenerali Menou wa Ufaransa, ambaye mwaka 1800, majeshi ya Napoleon yakiwa bado Cairo, alipiga marufuku hashishi katika nchi ambayo haikuwa yake.

Tumbaku ilitoka Amerika na kusambaa kwa merikebu. Mwanzoni mwa karne ya 17 mjumbe aitwaye Asad Beg aliichukua kutoka Bijapur akampelekea Sultani Akbar wa Bara Hindi, aliyevuta kidogo huku tabibu wake akimkataza. Na mnamo 1617 Jahangir, mwana wa Akbar, alikuwa tayari akiikataza kwa amri, dalili ya kuwa imekwisha mshinda. Katika Asia ya Kusini na katika nchi za Waarabu, kuvuta kwa kiko kulienea pamoja na jani hilo, na charasi ikapanda mgongoni mwake.

Lakini Afrika ilitangulia. Katika pango la Lalibela karibu na ziwa Tana, nchi ya Uhabeshi, wachimbaji walipata mabori mawili ya udongo ya kiko cha maji, na mtaalamu N. J. van der Merwe alipoyachunguza, akatoa taarifa mwaka 1975 kwamba yana mabaki ya bangi, na umri wake ni wa karibu mwaka 1320: zaidi ya miaka 150 kabla Columbus hajaiona tumbaku. Basi kuna wataalamu wanaoona kwamba kiko cha maji chenyewe ni akili ya Afrika, iliyokwenda Asia baadaye. Sisi wa pwani hatuna haja ya kufundishwa sehemu zake, maana lugha yetu imezihifadhi zote: bori la kutilia kinachovutwa, digali la kushukia moshi, kifuu au kibuyu cha maji ambacho ndicho kiko chenyewe, shilamu ya kinywani, na malio, ule mguno wa maji mtu avutapo. Chombo kilichopewa majina mengi namna hiyo ni chombo kilichokaa na watu siku nyingi.

Na katika bori hilo Waafrika walitia jani. Mbangi, uliofika pwani kwa njia za Bahari ya Hindi, uliingia bara hadi Unyamwezi, ukavuka Tanganyika, ukafika Kasai. Mwaka 1881 Wajerumani Paul Pogge na Hermann von Wissmann walifika kwa Kalamba Mukenge, mkuu wa Wabashilange, wakakuta umma ulioufanya mmea huu kuwa msingi wa agano: waliojiita Bena Riamba, wana wa bangi, walikuwa wamechoma hirizi, wameweka silaha chini, wameacha ugomvi wa kijiji kwa kijiji, wanasalimiana kwa neno la moyo, na jioni hukaa duara penye uwanja wakipokezana kibuyu kikubwa cha kuvutia. Mwenye kosa alihukumiwa kuvuta mpaka azimie. Watu wa Kalamba waliwasindikiza wageni wale, na Wissmann akaendelea mashariki peke yake hadi Saadani, mwaka 1882. Wissmann huyo ndiye yuleyule aliyerudi Pangani na Bagamoyo mwaka 1889 na mizinga, akampiga vita Bushiri bin Salim na kumnyonga. Ndiye aliyekuwa baadaye Gavana wa Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Alipewa ukarimu na watu walioweka silaha zao chini, akaja kuwafunza wa pwani silaha ni nini. Siwezi kulipita jambo hilo bila kulisema.

Swali lililobaki ni kwa nini, katika masafa yote hayo kutoka Lamu hadi Kasai, pasiwepo hata mji mmoja uliosifika kwa kutengeneza charasi. Ustadi haukukosekana, kwa watu waliojua kugema sandarusi na mpira na kuzipima ubora wake kwa jicho. Jawabu, kwa fikira yangu, ni lile nililolitanguliza: msafiri Burton alipopita bara mwaka 1857 na miaka iliyofuata, aliikuta bangi imeota karibu na nyumba za watu. Kilichoota penye kizingiti hakina haja ya kupunguzwa uzito. Misafara yetu ilibeba pembe za ndovu na, ole wetu, ilibeba watu. Bangi ilingojea safarini, ikichumwa kila kituo.

Mwaka 1925 mambo yaligeuka kwa mataifa yote. Katika mkutano wa afyuni uliofanyika Geneva, mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, alisimama na kutaka hashishi iwekwe katika mkataba pamoja na afyuni na kokeni, akidai kwamba katika nchi yake kati ya asilimia 30 na 60 ya wendawazimu wameletewa wazimu na hashishi. Wajumbe wengi walikuwa hawajajitayarisha kwa maneno hayo. Ile bahari ya ushahidi ya mwaka 1894 haikufunuliwa kumjibu. Ila yafaa kumwelewa El Guindy, maana Misri ilikuwa imepiga marufuku hashishi tangu karne ya 19 na pwani yake ilikuwa wazi kwa magendo ya Ugiriki. Henry de Monfreid, Mfaransa aliyekuwa na majahazi yake Obock na Djibouti, alipakia hashishi ya Ugiriki mwaka 1915 akaipeleka Suez kwa njia ya Bahari ya Shamu, na baadaye akaandika kitabu kuisifia safari hiyo. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 19 Februari 1925, na kifungu chake cha 11 kiliutaja utomvu mbali na mmea, kikakataza usipelekwe katika nchi zilizouharamisha. Katika miaka ya 1930 njia ya Yarkand nayo ikafungwa na watawala wa Kichina, na matajiri wa Hoshiarpur wakatafuta riziki nyingine.

Hapo ndipo karatasi ilipopata nafasi yake. Sigara ya karatasi ilikuwa imeenea Ulaya katikati ya karne ya 19, hasa baada ya askari wa vita vya Crimea, vya 1853 hadi 1856, kurejea makwao na desturi hiyo, na ukoo wa Lacroix wa Ufaransa ukaifanya karatasi yake nyembamba kuwa maarufu hata vijana wa miji yetu wanaiita rizla mpaka leo. Kiko kikubwa ni cha mtu mwenye baraza na wenzake. Sigara ni ya mtu mwenye haraka, na mtu mwenye hofu, kwani yafanana na sigara nyingine zote na yaweza kutupwa mara moja. Katika miji ya Pakistan mvutaji huimwaga tumbaku ya sigara ya dukani, huichanganya kiganjani na charasi iliyopashwa moto, na kuirudisha katika ganda lake, na apitaye njiani haoni ila mtu avutaye sigara. Sheria ilikuwa imefanya kazi ile ile iliyofanywa na Karakoram: ilitukuza kitu kidogo chenye nguvu, chepesi kufichwa.

Vijana wa Ulaya na Marekani waliosafiri kwa mabasi katika miaka ya 1960, kutoka Istanbul hadi Kabul na Kathmandu, waliikuta charasi mikononi mwa wenyewe. Kathmandu ilikuwa na maduka yenye ruhusa ya serikali, mabango yakiwa nje, hadi Julai 1973 ruhusa hizo zilipofutwa. Wengine walielekea Rif, kaskazini ya Moroko, ambako desturi ilikuwa kif: vichwa vya maua vilivyokatwakatwa juu ya ubao kwa kisu pamoja na tumbaku, vikavutwa katika sebsi, kiko chembamba chenye kijibori cha udongo. Wakulima wa Ketama hawakuwa wakichekecha utomvu kwa biashara. Walianza katika miaka hiyo, soko la Ulaya lilipowafungukia ng'ambo ya mlango wa bahari wa Gibraltar, na kwa muda mfupi Rif ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kwa hashishi. Sijaona ushahidi ulio dhahiri kuliko huo. Watu wale wale, mmea ule ule, karne kwa karne wakavuta jani; akaja mnunuzi wa mbali na afisa wa forodha katikati, na chekeche likatoka mara moja.

Hivyo kizazi kizima cha Ulaya kilijifunza kuvuta bangi kwa namna moja tu: hashishi ya Moroko au Lebanoni, ikivunjwavunjwa juu ya tumbaku na kusokotwa katika karatasi, nao wengi wao hawakupata kuliona ua la mbangi. Uholanzi ilibadili sheria yake mwaka 1976, na vibanda vyake vikauza vipande vya hashishi kwa majina ya nchi vilikotoka. Mwanamke mmoja wa Amsterdam, Mila Jansen, aliyekuwa amekaa miaka mingi katika Bara Hindi, alitazama mashine ya kukaushia nguo inavyozunguka, na mwaka 1994 akatoa pipa lizungukalo lenye kitambaa cha chekeche, ambalo hufanya kwa dakika kazi ya mikono ya wakulima wa Balkh. Bangi sasa ikapandwa humo humo ndani ya nyumba za Ulaya, na utomvu wake ukapatikana humo humo.

Elimu ilikuwa imekuja kabla ya hayo. Mwaka 1964 Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, wakitumia hashishi ya Lebanoni iliyokamatwa na polisi, waliutenga na kuueleza muundo wa kiini chenyewe, THC. Ikajulikana pia kwamba ndani ya mmea mbichi kiini hicho kimo katika umbo la asidi na hakilevyi mpaka kipate joto. Wale waliopasha charasi juu ya kaa kabla ya kuichanganya walikuwa wakifanya jambo la kweli pasipo kujua jina lake.

Jimbo la Colorado lilipiga kura ya kuihalalisha bangi Novemba 2012, na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Kanada ikafuata tarehe 17 Oktoba 2018, na mwaka mmoja baadaye ikaruhusu utomvu uliokamuliwa. Kwanza wengi walikamua kwa gesi ya butani, na nyumba kadhaa za Colorado ziliripuka kwa watu waliojaribu jikoni. Kisha katikati ya miaka ya 2010 ikaenea njia ya kuuminya mmea kwa joto na shinikizo bila dawa yoyote. Utomvu huo huviringwa mithili ya uzi mwembamba na kulazwa katikati ya bangi iliyosagwa, au hupakwa nje ya karatasi na kunyunyizwa vumbi la chekeche, na msokoto huuzwa ukiwa tayari. Tumbaku imeondoka, na bangi yenyewe ndiyo sasa jani la kubeba. Kwetu Kenya na Tanzania sheria zinaukataza mmea na utomvu wake pia, na anayevuta bado husokota jani katika karatasi.

Jambo linalonishughulisha katika msokoto huo mpya ni kwamba sababu ya kwanza haipo tena. Hapana mlima baina ya shamba la Colorado na duka la Denver, wala askari wa kumkwepa, na hata hivyo kiini kinazidi kutengwa na kuzidishwa, sasa kwa ajili ya nguvu yenyewe. Hashishi ya kale ilikuwa na THC asilimia kadhaa, na mara chache ikapita 20. Utomvu wa leo hupita 60 na kufika 80. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa katika miji kadhaa ya Ulaya na katika Brazil, uliona kwamba wanaotumia kila siku bangi ya nguvu kubwa, kwa kipimo cha asilimia 10 kwenda juu, uwezekano wao wa kupatwa na wazimu wakaribia mara tano ya wasiotumia kabisa. Wajumbe wa mwaka 1894 hawakukutana na kitu kama hicho, na haifai hukumu yao kutumiwa leo kama kwamba walikutana nacho.

Maana charasi iliyofika Hoshiarpur ilikuwa imekwisha kaa miezi ndani ya ngozi, ikipigwa na jua la mchana na baridi ya usiku, na THC, kila ikikaa, hugeuka taratibu kuwa kitu kingine chenye ulevi mdogo. Mnunuzi alijua kuuliza ni ya mwaka gani, na iliyokuwa kuukuu ilishuka bei. Umbali uliomfanya mtu autenge utomvu ndio pia uliozila nguvu zake njiani kabla haujamfikia maskini wa Punjab. Na utomvu wa Denver aghalabu hutunzwa katika jokofu tangu unapominywa mpaka unapouzwa, kusudi usipungue hata kidogo.